Mtani Aliponyamaza

Tulisikia kutafuna kabla hatujaona kitu. Ghala lilikuwa giza, madirisha yamezibwa kwa magunia, na kwenye kipaza sauti kilichowekwa juu ya meza ikatoka sauti ya kinywa: chakula kinapondwa, mate yanavutwa, ulimi unagonga kaakaa. Hapakuwa na muziki wala maneno. Kinywa tu, kikubwa kuliko cha ng'ombe, kikitafuna ndani ya masikio yetu.

"Nani huyo anakula kama hakulelewa?" aliuliza Mama Eustadia, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni na kuingia pamoja na ungo wake. Watu wakacheka kidogo, kama watu wanavyocheka wasipojua wamekuja kuona nini.

Babu yangu Masolwa alinishika kiwiko. "Damas, nani anakula?"

"Bado hawajaonyesha, babu."

Tangu masika macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Aliona mwanga na kivuli, basi. Alikuja sinema kusikiliza, na mimi nilikuwa macho yake. Tulitoka Itetemia asubuhi baada ya misa, yeye amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti la marehemu mjomba, tukatembea polepole hadi Isevya kwenye ghala la ngozi. Humo mnanuka mafuta ya ng'ombe na chumvi hata ukifunga pua. Wenye ghala walikubali kulitoa Jumapili ile kwa sababu hakuna chumba kingine mtaani chenye ukuta mpana wa kutundika shuka.

Niseme kwa nini tulikwenda. Babu alikuwa mpagazi. Katika ujana wake, kabla ya reli, alibeba mizigo kutoka hapa Tabora hadi pwani na kurudi, pembe kwenda, nguo na shanga kurudi. Begani ana nundu ngumu kama kisigino, na mtu yeyote wa rika lake akiiona anajua anasema na nani. Lakini si nundu aliyojivunia. Alijivunia neno moja: hakuwahi kutupa mzigo. Katika safari zile aliyechoka au kuogopa aliuangusha mzigo njiani akatoroka porini, na tangu siku hiyo hakuwa na jina tena. Wimbo ulitungwa juu yake, na wimbo ulifika kwao kabla yake. Babu alipita njaa, alipita ndui, alipita lile pori la Marenga Mkali kule Ugogo lisilo na maji, na mzigo ukafika. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Ng'ombe hana, shamba ni dogo, watoto wake wengi wametangulia.

Kwa hiyo mwaka jana wakati wa kiangazi, alipokuja Mzungu mmoja mwembamba na mashine ya kupigia picha, akisema anatafuta wapagazi wa zamani ili awaonyeshe duniani, babu hakuomba hata senti. Watu walimwita yule Mzungu Bwana Kioo kwa sababu hakumtazama mtu ila kupitia kioo. Babu alimwambia jambo moja: "Nionyeshe na mzigo." Bwana Kioo akasema ndiyo. Akamfungia mzigo wa turubai, akamweka kwenye njia ya zamani nyuma ya Itetemia, akampiga picha siku nzima. Babu alirudi jioni bega limevimba, anacheka peke yake.

Sasa picha ilikuwa imerudi, na nusu ya Isevya ilikuwa imekaa juu ya marobota ya ngozi kuitazama.

Shuka likawaka. Kinywa kilikuwa cha babu.

Kilijaza ukuta wote: ufizi mtupu, ndevu nyeupe, tone la mate kwenye pembe ya midomo. Ugali ulikuwa unatoka. Sikosei, ulikuwa unatoka, si kuingia. Ulitoka umepondwa, ukajikusanya, ukawa tonge zima kwenye vidole vyake, tonge likarudi sahanini likaungana na wenzake. Kisha lingine. Mzee wa watu alikuwa anatapika chakula chake mwenyewe tonge kwa tonge, kwa adabu, na kipaza sauti kinatafuna.

"Ndiyo ameonyesha?" babu aliuliza.

"Ndiyo. Ni wewe, babu."

"Nafanya nini?"

"Unakula."

"Aa." Aliridhika. "Siku ile ya ugali wa mtama. Alikuja nyumbani."

Vijana wa mjini waliokuwa nyuma walipiga mbinja. Walipenda. Kila tonge lilipotoka walihesabu kwa sauti. Mbele yetu katekista Kornel alikuwa ameinamisha kichwa na kujifunika pua kwa leso, na sijui kama ni kwa ajili ya ngozi au ya picha. Mwalimu Justus, aliyesoma hadi Makerere, alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, kama mtu anayesikiliza siri.

Hapo mlangoni, kwenye kigoda chake cha mlinzi, alikaa Mzee Chilongani. Lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna kisa. Chilongani ni Mgogo, amelinda ghala lile tangu vita vya kwanza vilipokwisha. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao umeanzia njiani: misafara yetu ilipita kwao, wao wakatutoza hongo kwa ajili ya kupita na kunywa maji, sisi tukawaita wala hongo, wao wakatuita wezi wa maji. Mtani ana ruhusa. Anaweza kuingia msibani akavuta sanda ya maiti akasema imefupishwa kwa uchoyo, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Hakuna anayekasirikia tusi la mtani, na hakuna anayelisadiki.

Tusi la Chilongani kwa babu lilikuwa moja miaka yote. Hata siku ile tulipofika mlangoni alilitoa kabla shikamoo yangu haijaitikiwa.

"Masolwa, mwizi wa maji. Umekuja kutazama mzigo uliotupa kwetu Marenga Mkali?"

"Nimekuja kuona kama bibi yako bado ameukalia, mla hongo."

"Ameuuza. Tulikula mwaka mzima. Pita, lipa hongo ukae."

Babu akampa kipande cha tumbaku. Ndivyo walivyokuwa.

Picha ikaendelea. Bega la babu likaja ukutani, kwa karibu mno, ngozi yenye mistari kama udongo uliopasuka, na ile nundu ikawa kilima. Juu ya kilima mtu alikuwa ameweka kijumba cha karatasi. Kijumba kikawaka moto. Nyuki wakatoka kwenye sikio la mtu, mmoja mmoja, wakatembea shavuni. Mwanamke wa Kizungu aliyevaa nguo ya harusi akakaa juu ya ng'ombe aliyechunwa, akajichana nywele. Hapo Mama Eustadia alitema mate chini, akainua ungo wake.

"Mimi naondoka. Hata ndoto za homa zina haya."

"Kaa mama, utamu unakuja," kijana mmoja alisema.

"Utamu huo mpelekee mama yako."

Wanawake wanne wakamfuata nje. Mlango ulipofunguliwa mwanga ukaingia, picha ikafifia, wengine wakalalamika wafunge. Ndivyo ghala lilivyogawanyika. Waliosonya walisonya, waliopiga makofi walipiga makofi, na kila upande ulitazama upande wa pili kwa chuki zaidi kuliko ulivyoitazama picha.

Babu hakuwa upande wowote. Alikuwa anangoja.

"Mzigo bado?"

"Unakuja, babu."

Ukaja. Njia ya zamani, vumbi, jua la kiangazi. Babu amesimama katikati na mzigo begani, amenyooka, na kwa muda mfupi nilifurahi, nikafungua kinywa nimwambie. Ndipo alipoinama. Mzigo ukatoka begani. Ukakaa chini. Babu wa ukutani akanyoosha mgongo, akautazama, akaanza kurudi kinyumenyume, uso wake kwa mzigo, hatua kwa hatua, mdogo, mdogo zaidi, mpaka njia ikammeza.

Mzigo ukabaki peke yake ukutani. Siafu wakaja wakaufunika.

"Sasa nafanya nini?" babu aliuliza.

Mimi hutunga mashairi. Hakuna aliyenifundisha, nimejifunza mizani kwa kuhesabu kwa vidole nikichunga, na sijawahi kukosa neno. Nilisema, "Umebeba, babu. Unapanda, unashuka, mzigo u begani, vumbi li nyuma yako."

Alitabasamu. "Na watu?"

"Wanatazama."

Ni kweli, walikuwa wanatazama. Mbinja zilikuwa zimekoma. Hata wale vijana walijua lile neno la Mzee Masolwa, wameligugumia pamoja na maziwa ya mama zao. Mtu mmoja alinong'ona, "Kautupa." Mwingine akasema, "Kumbe ni kweli." Na shingo zote, nawaambia zote, zikageuka kwa Chilongani. Tusi lake la miaka yote lilikuwa limesimama ukutani, kubwa kama nyumba. Walikuwa wanamngoja aseme. Angepiga kelele moja tu, ghala lingelipuka kwa kicheko na jambo lingekwisha.

Chilongani alikuwa anatazama miguu yake.

Mzigo wa ukutani ukafunguka. Ndani kulikuwa na kichwa cha babu, macho yamefungwa, nzi wawili midomoni. Kisha shuka likawa jeupe.

Magunia yakaondolewa. Tulitoka nje tukikunja macho, na mabishano yakaanza palepale uani, kati ya ngozi zilizotandazwa juani.

"Huu ni uchafu," katekista Kornel alisema. "Mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, huyu amemfanya kopo la nzi."

"Hujaelewa," alisema Mwalimu Justus. Macho yake yaling'aa. "Haisimulii hadithi, katekista. Inaonyesha yaliyo chini ya hadithi. Mzigo ni nini? Ni sisi wenyewe. Nimeona mambo mengi, sijaona kitu kama hiki."

"Mimi pia sijaona, na sitaki."

"Ile ya ugali irudiwe," kijana alipaza sauti.

Bwana Kioo alisimama katikati yao anatabasamu. Hilo ndilo lililonichafua moyo kuliko nzi. Aliyesifu alimfurahisha, na aliyetema mate alimfurahisha vilevile. Alikuwa kama mtu aliyetupa jiwe kwenye mzinga na kusimama mbali kusikiliza mlio.

Babu alikuwa bado ameshika kiwiko changu. Hakuuliza habari za sinema.

"Chilongani amekufa?"

"Hapana, babu. Yupo mlangoni."

"Ameondoka kidogo, wakati wa mzigo?"

"Hapana."

Upepo ulileta harufu ya ngozi. "Miaka yote hiyo," alisema, "nikikohoa ananitukana. Leo naonyeshwa na mzigo mbele ya mji mzima, yeye yupo, na hakusema neno. Damas, wewe umenidanganya. Nieleze nilichofanya."

Nikamweleza. Sikupamba. Nilisema umeuweka chini, ukarudi nyuma, ukaondoka. Nilitegemea apige kelele. Alipapasa nundu yake kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayekagua kama bado ina mwenyewe.

"Aliniambia niuinue," alisema. "Uko chini, mimi natokea mbali, nauendea, nauinua, naweka begani. Tena na tena. Mpaka bega likavimba. Sikuuweka chini mbele yake hata mara moja, walikuwa wanaupokea vijana wake."

Hapo nikaelewa, na nilijiona mjinga kwa kuchelewa. Vumbi. Ukutani vumbi halikuruka kutoka mguuni, lilikuwa linarudi mguuni. Ugali ulitoka kinywani. Bwana Kioo alikuwa ameigeuza picha, ameianzia mwisho akaimaliza mwanzo, na mtu aliyeuinua mzigo akawa mtu aliyeutupa.

Nilimwendea. Sikumwamkia.

"Umeigeuza," nilisema.

"Ah, Damas." Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha pwani. "Umeona. Ni wachache wanaoona. Wewe ni mshairi, nilijua utanielewa."

"Babu yangu aliinua."

"Ndiyo. Na katika ndoto mtu hurudi nyuma, huacha kila kitu. Ni ndoto tu."

"Ndoto ya nani?"

"Yangu, nadhani."

"Basi ungetumia bega lako."

Mwalimu Justus aliniwekea mkono. "Taratibu, Damas. Hata shairi hupindua mambo."

"Shairi langu lina mizani, mwalimu, na kila aliyetajwa ndani yake anajua anasemwa nini. Wewe umesoma, umeona mfano. Waliokaa nyuma yako wamemwona Masolwa anatupa mzigo. Nani atawazungukia nyumba kwa nyumba awaambie ni mfano?"

Nadhani aliona aibu kidogo, lakini macho yake bado yaling'aa, na hilo sikumsamehe.

"Kipande kile kitoe," nilimwambia Bwana Kioo.

Alitikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya kweli. "Bila kipande kile hakuna picha. Jumatano tunaonyesha Bukene, pale stesheni. Baadaye Mwanza, kisha Ulaya. Babu yako atajulikana."

Bukene. Huko ndiko kwao bibi yangu, huko ndiko babu alikopokewa kama mkwe kwa sababu ya lile neno moja. Huko bado wapo wazee ambao baba zao walibeba pamoja naye.

Makopo ya filamu yalikuwa mezani ndani ya ghala. Nilikwenda nikachukua lile la juu, la bati, zito kuliko nilivyodhani, nikatoka nalo. Nyuma ya ua kuna shimo la maji ya chumvi wanamoloweka ngozi. Lilikuwa linatoa mapovu ya kijivu, na nilifikiri, hapa ndipo mahali pake. Bwana Kioo aliniita jina. Vijana walianza kushangilia, maana wao wangeshangilia lolote.

"Damas," babu alisema. Hakupaza sauti. Alikuwa amesikia miguu yangu. "Umeshika nini?"

"Picha yake, babu. Naitupa."

"Iweke chini."

"Babu, huyu mtu amekufanya—"

"Nimesikia alivyonifanya. Kitu ulichoshika ni mzigo wa mtu. Wakiona mjukuu wangu anautupa shimoni, watasema picha ilisema kweli, ni jambo la ukoo. Kiweke mezani, ukiweke taratibu."

Nililirudisha kopo mezani. Nililiweka taratibu. Watu walianza kutawanyika, makundi mawili, kila kundi na njia yake, yakibishana mpaka kwenye kona.

Babu aliniambia nimpeleke mlangoni. Chilongani aliinuka kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Pole, Masolwa," alisema.

Babu alirudi nyuma nusu hatua kama aliyemwagiwa maji. "Pole? Wewe unanipa pole? Nimekukosea nini?"

"Nimeona kitu kibaya."

"Ulikuwa na kinywa. Ulinyamaza kwa nini?"

Chilongani alikaa tena. Alitafuta maneno muda mrefu, yeye ambaye hakuwahi kuyatafuta. "Kinyaa, ndugu yangu. Nilitaka kukutukana, nikakumbuka wale walivyohesabu matonge yako, nikaona nikicheka nitakuwa nacheka pamoja na yule mwenye mashine. Yule si mtani wako. Nani alimpa ruhusa? Nikasema bora ninyamaze."

"Uliponyamaza wakasadiki."

"Wamesadiki?"

"Walikugeukia wewe, mzee," nilisema. "Wote. Ungesema, wangejua ni utani. Hukusema, wakajua ni kweli."

Alinitazama, kisha akamtazama babu, na nikaona jambo lile linamwingia polepole na kumuuma. Alivua kofia yake ya mlinzi akaiweka gotini.

"Nimekula hongo yako miaka yote," alisema, "na siku moja uliyonihitaji nimekaa kimya."

"Jumatano wanaipeleka Bukene," babu alisema. "Mimi nitakwenda. Damas atanipeleka kwa treni, nitakaa mbele kabisa. Siwezi kuizuia. Lakini kule hakuna Mgogo hata mmoja."

Bwana Kioo alikuwa anakunja shuka nyuma yetu. Nilisikia likikunjwa na sikugeuka.

Chilongani alisimama, akavaa kofia yake, akaipachika upande kama alivyozoea. Akamshika babu lile bega lenye nundu, akalibana kwa nguvu.

"Masolwa, mwizi wa maji, nisikilize mbele ya mjukuu wako. Jumatano ghala hili litalindwa na panya. Nitakuwa Bukene, nimesimama kando ya lile shuka, na ukianza tu kuinama na ule mzigo nitakutukana wewe, na baba yako, na kila kisima mlichokunywa kwetu bila kulipa, mpaka mtu asisikie mashine yao. Sitakuonea huruma hata kidogo. Naahidi."